Buti Mlangoni mwa Nambari 47

Maiti ilikutwa darini, katika nyumba isiyokaa mtu huko Walthamstow, asubuhi ya Jumanne moja ya Februari 2009. Jumatatu yake theluji ilikuwa imeanguka mpaka mabasi yote ya Landani yakasimama.

Msimamizi wa nyumba alikuja na ufunguo wa akiba kuangalia kama mabomba yamepasuka. Alikuta ngazi imeegemezwa ukumbini na mlango wa dari umefungwa. Akaisimika ngazi, akapanda kulitazama tangi la maji. Alivyoshuka hata yeye hajui, ila alijikuta barabarani anatetemeka na simu mkononi.

Inspekta Gurmit alipanda ngazi hiyohiyo, kilemba chake kikagusa paa. Aliyelala pale alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa sweta na soksi nene, yuko kifudifudi juu ya boriti tupu. Mkono mmoja alikuwa ameunyoosha kuelekea mlango wa dari.

"Nani huyu?" Gurmit aliuliza.

"Anaitwa Chaman," Sajini Stéphanie alijibu kutoka chini. "Kitambulisho kimo ndani ya koti lake, limetundikwa hapa mlangoni. Mkaguzi wa Mpango wa Nyumba Joto."

Stéphanie alizaliwa hapohapo Landani, wazazi wake wa Bukavu. Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimsemesha hukujibu kwa Kiingereza. Gurmit, mzaliwa wa Kisumu, alikuwa ameshazoea. Wao wawili huongea hivyo kutwa nzima, kila mmoja na lugha yake, na hakuna anayempoteza mwenzake.

Daktari wa uchunguzi wa maiti alitumia nusu saa huko juu. Aliposhuka, Gurmit alikuwa ameshauzunguka ukumbi mara kumi na mbili. Huyu ni mtu asiyetulia hata siku njema, sembuse wiki ile aliyokatazwa chai ya maziwa kwa ajili ya moyo wake, akabaki kutafuna iliki tangu kuche.

"Kimemuua nini?"

"Nyonga imevunjika. Kwenye paji la uso kuna mchubuko, si wa kuua."

"Sasa?"

"Baridi, Inspekta. Aliganda. Nakisia Jumatatu jioni kuamkia leo. Blanketi moja tu lingetosha kumfikisha asubuhi."

Gurmit aliitazama ngazi. Mtu aliyevunjika nyonga darini hawezi kuishusha ngazi, akaiegemeza ukutani, kisha akajifungia mlango wa dari kutoka chini. Alikuwapo mtu wa pili.

Ubavuni mwa ngazi paliandikwa jina kwa rangi nyeupe: TELESPHOR.

Mlangoni, chini ya koti, palikuwa na jozi ya buti nyeusi za kazi, zimepangwa vizuri kisigino kwa kisigino. Mfukoni mwa koti mlikuwa na simu, ufunguo wa nyumba na kidaftari. Stéphanie alivitia kila kimoja katika mfuko wake wa ushahidi, na buti nazo akazitia katika mfuko wa peke yake.

*

Ofisi ya Mpango wa Nyumba Joto ilikuwa juu ya duka la mapazia, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Meneja wake, Nizar, mtu wa Mombasa, aliwapokea akiwa na soksi juu ya zulia. Alikuwa na macho mekundu.

"Chaman? Darini? Ya Rabi! Mtu kaniaga Ijumaa mzima wa afya!"

Ukutani nyuma yake palikuwa na ramani ya mtaa, imejaa pini za rangi ya chungwa. Kila pini nyumba moja iliyokwisha kuwekwa pamba ya kuzuia baridi darini. Nizar aliueleza mpango haraka haraka, kama mtu aliyeueleza mara nyingi kwa watu wasiosikiliza. Serikali inataka kuzipasha joto nyumba za nchi nzima. Kwanza ikachagua eneo moja la majaribio, hili. Nyumba elfu tatu zikikamilika bila dosari kabla ya Machi, mpango utapelekwa kila mji. Zisipokamilika, unakufa.

"Na zinakamilika?"

"Mafundi wamefunzwa siku tatu, Inspekta. Pamba inachelewa bandarini. Unafika kwa mama mmoja, dari imejaa masanduku toka amekuja mwaka wa sabini na mbili, hataki hata moja liguswe. Nyumba ya pili hawakufungulii mlango, wanadhani umetoka uhamiaji. Na mkaguzi nilipewa mmoja tu, Chaman." Akapangusa uso. "Lakini tunafika. Tutafika."

"Nambari 47 ilikuwa imekamilika?"

Nizar akatoa fomu. Pamba imewekwa tarehe kumi na mbili Januari. Sahihi: Telesphor.

"Kule darini hakuna pamba hata ya kuziba sikio," Gurmit alisema.

"Basi huyo fundi alinidanganya. Na Chaman akamkamata." Nizar aliinamisha kichwa. "Sipendi kumsema mtu. Lakini Ijumaa waligombana, mtaa mzima ulisikia."

*

Telesphor alikamatwa nyumbani kwake Hayes, upande wa pili wa Landani, saa tisa alasiri hiyo, mikono yake ina rangi ya ukuta, buluu hafifu. Kituoni walimsomea haki zake, wakamvua mkanda na buti. Buti zikaachwa nje ya mlango wa mahabusu, ndivyo ilivyo desturi.

"Tangu nifike inchi hii," alisema, "ni ninyi tu mumenivua buti."

Alikuwa mtu wa Uvira, mrefu, mpole wa sauti. Alikuja kuomba hifadhi, akangoja karatasi miaka saba. Gurmit alimhoji kwa Kiswahili, wakili pembeni, mkalimani akimnong'oneza wakili kwa Kiingereza.

"Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Bus hakuna, gari ya kazi iko chini ya theluji. Nilipaka chumba rangi."

"Nani alikuona?"

"Hakuna mutu."

"Ngazi yako ilifikaje nambari 47?"

"Ngazi zote ziko depo, ile stoo ya kazi. Kila mutu anabeba ile anaikuta."

"Hii sahihi ni yako?"

Telesphor aliitazama fomu kwa muda.

"Sahihi ni yangu. Lakini ile nyumba sijaingia hata siku moja."

"Acha mchezo, bwana."

"Shefu, sikiliza. Siku ya kwanza ya kazi walitupatia fomu mia moja kila mutu, tupu. Wakasema tutie sahihi zote, ni ya kuokoa saa. Nikatia. Ningekataa ningerudi wapi?"

"Nani alisema?"

"Bwana Nizar."

Gurmit aliinuka, akaenda dirishani, akarudi, hakuketi.

"Ijumaa uligombana na Chaman."

"Juu ya buti." Telesphor alishika kichwa. "Tulikuwa kwa mama Bhanu. Ana kabati ya maombi pale ukumbini. Chaman akaniambia vua viatu, ni nyumba ya watu. Nikamwambia sheria ya kazi inasema fundi asivue buti, ukivua unafukuzwa. Akasema, 'Mimi navua miaka yote na hakuna aliyenifukuza.' Akapiga kelele, na mimi nikapiga. Mama Bhanu akalia. Ni hiyo tu, shefu. Sikumuua."

Kisha akasema jambo lililokuwa limemkaba tangu alipoingia.

"Bibi yangu Miradie anafika Alhamisi, Heathrow, saa moja ya asubuhi. Miaka saba sijamuona. Kile chumba nilipaka ni chake. Kama niko ndani, pale uwanja watamuuliza mume wako ni wapi? Watamurudisha. Hawatampa visa mara ya pili."

Nje ya chumba, Stéphanie alikuwa amejiegemeza ukutani.

"Mkuu wa kituo anataka ashtakiwe kesho kabla ya saa kumi na mbili jioni," alisema. "Anasema ngazi, sahihi na ugomvi vinatosha."

"Vinatosha kwake yeye," Gurmit alisema, akatafuna iliki tatu kwa mpigo. "Wewe waona ni yeye?"

"Baba yangu alikuja na karatasi kama zake. Mimi usiniulize."

*

Jumatano asubuhi theluji ilikuwa bado imeganda mtaani. Gurmit alisimama mbele ya nambari 47 akiwa na nakala ya kurasa za kidaftari cha Chaman. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na tarehe ya Jumatatu na orodha ya nambari za nyumba. Nyingine zilikuwa zimezungushiwa duara, nyingine hazikuzungushiwa. 31 duara. 33 hamna. 35 duara. 37 duara.

"Amekagua nyumba zote hizi siku moja?" Stéphanie aliuliza. "Kwenye theluji ile? Nani angemfungulia?"

Gurmit alikuwa anatembea huku na huku, anazitazama nambari milangoni, na ubaridi unampanda miguuni. Mwanamke mmoja alichungulia dirishani akafunga pazia. Mwisho Gurmit akainua macho ili ajinyooshe shingo, akabaki hivyohivyo.

"Stéphanie. Paa la 33 lina nini?"

"Theluji."

"La 31?"

"Halina. Vigae vitupu."

"35?"

"Tupu. 37 pia tupu." Sajini alimnyang'anya karatasi. "Zenye duara zote ni tupu!"

"Joto la ndani linapanda, linapita darini, linayeyusha theluji. Penye pamba halipiti, theluji inakaa. Chaman hakuhitaji kufunguliwa mlango na mtu. Alitembea akatazama juu, basi. Jamani, huyu mzee alikuwa na akili!"

"Na fomu tulizochukua jana ofisini zinasema nyumba zote zimewekwa."

"Mtaa mmoja huu, nyumba kumi na tisa za uongo. Telesphor hakutia sahihi zote hizo."

Stéphanie alipiga simu kituoni wazichomoe fomu. Jibu lilikuja kabla hawajafika mwisho wa barabara: nyumba kumi na tisa, sahihi za mafundi tisa tofauti.

Gurmit aliitazama nambari 47. Theluji ilikuwa imetanda paa zima, maana nyumba haikuwa na mtu wala joto. Paa hilo halikuweza kumwambia Chaman lolote. Ndiyo sababu alichukua ufunguo akapanda mwenyewe, na akamwita mtu aje aone kwa macho yake.

Aliyeitwa ni nani? Simu ya Chaman ilionyesha kuwa saa tano Jumatatu alipiga ofisini, dakika nne. Ofisini wangeweza kupokea watu watano. Kushuku peke yake hakumtoi mtu mahabusu, na saa zilikuwa zinakwenda.

*

Sudha, mjane wa Chaman, aliishi mitaa minne kutoka hapo. Gurmit alivua viatu mlangoni bila kufikiri, Stéphanie akamfuata. Sebule ilijaa ndugu, wakatoka kuwapisha.

"Pole sana, dada."

"Tumeshapoa," alisema Sudha, na ilikuwa dhahiri hajapoa hata kidogo. Yeye na mumewe walikuwa watu wa Moshi, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha Gurmit. "Umeniletea vitu vyake?"

"Bado ni vya ushahidi. Nimekuja uvitambue tu, unitilie sahihi."

Koti, ndiyo. Simu, ndiyo. Kidaftari alikishika kupitia plastiki, akakipapasa. Gurmit akaweka buti mezani. Sudha akazitazama, akaigeuza moja chali.

"Hizi si zake."

"Zilikuwa mlangoni, dada, chini ya koti lake. Buti za Mpango zote zinafanana."

"Nimeishi na miguu ya Chaman miaka thelathini na moja, Inspekta. Anavaa namba tisa. Sisi wote tulimcheka kwa miguu ile, mtu mfupi na miguu kama makasia. Hizi ni saba." Aliisukuma buti nyuma. "Hii hata vidole vyake visingeingia."

Gurmit aliinuka. Akaketi. Akainuka tena.

Ni yeye mwenyewe aliyewahi kutoka gurdwara, hekalu la Kisikh, na viatu vya mtu mwingine, akafika kituo cha treni ndipo miguu ikamwambia. Nani katika jamaa zake hajawahi? Msikitini, mandirini kwa Wahindu, kwenye matanga, viatu vimelundikana mlangoni, una haraka, unachomeka mguu unakwenda zako.

"Jumatatu palikuwa na jozi mbili pale mlangoni," alimwambia Stéphanie walipofika nje. "Chaman alivua. Na mwenzake alivua. Alipokimbia, akavaa za Chaman akaacha zake."

"Mbona hakurudi kubadilisha?"

"Mlango ule unajifunga wenyewe. Na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa koti, ndani."

Stéphanie alisimama katikati ya njia.

"Telesphor havui buti," alisema. Na kwa mara ya kwanza tangu wafanye kazi pamoja, aliyasema yaliyofuata kwa Kiswahili, cha mama yake. "Ule mugomvi wote ulikuwa juu ya hiyo!"

*

Saa tisa na nusu walikuwa tena juu ya duka la mapazia. Nizar aliwaona mlangoni, akasimama. Alikuwa na soksi, kama jana. Kwenye kibao cha viatu palikuwa na viatu vyake vya ngozi, vya kahawia. Gurmit aliinama akasoma namba. Saba.

"Buti zako za kazi ziko wapi, Bwana Nizar?"

"Buti?"

"Kila mtu wa Mpango anazo. Zako."

"Ziko... garini, nadhani."

"Tukazione."

"Za nini, Inspekta? Kuna mkutano na wizara saa kumi."

"Ngoja ngoja kidogo, wizara itasubiri."

Nizar hakusogea. Alitoa ufunguo wa gari mfukoni, akaushika, akauweka mezani taratibu. Stéphanie akauchukua, akashuka. Chini dukani cherehani ilikuwa inakwenda.

Alirudi na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na buti nyeusi, zimejazwa magazeti zikauke. Namba tisa.

"Ungeweza kuzitupa," Gurmit alisema.

"Viatu vya mtu unavitupaje?" Nizar aliketi juu ya zulia, palepale alipokuwa. "Nilitaka kumrudishia."

Gurmit alimtia mbaroni, akamsomea onyo kwamba atakalosema linaweza kuwa ushahidi mahakamani. Akamwambia anaweza kungoja wakili.

"Ningoje nini tena," Nizar alisema. "Nimekaa na hili siku mbili, nimechoka."

"Alikupigia simu Jumatatu."

"Akasema njoo nambari 47, nataka nikuonyeshe kitu. Nikaenda. Ngazi alikuwa ameshaichukua depo mwenyewe. Tukapanda. Akamulika tochi: mbao tupu. Akaniambia, 'Nizar, mtaa huu peke yake ni nyumba kumi na tisa. Nyumba ngapi kwenye ramani yako ni hewa?'"

"Ngapi?"

"Mia tisa."

Hata Stéphanie alipumua kwa nguvu.

"Sikuiba chochote!" Nizar alipaza sauti. "Wala sikutaka kumwonea mtu. Pamba ilikuwa haijafika. Mwenye nyumba kasafiri, dari imejaa, fundi mgonjwa. Nikaziandika zimekamilika, nikaziweka kwenye orodha yangu ya kurudiwa. Ningezirudia zote. Nilihitaji miezi mitatu tu, na waliotunga tarehe hawakunipa hata wiki. Chaman akasema ataripoti. Nikamwambia utaua mpango wa nchi nzima kwa mtaa mmoja. Akasema, 'Watu wa mtaa huu wanalala na baridi, na wewe umewaandika wana joto.' Nikamsukuma. Nakuapia, nilimsukuma kwa mkono mmoja tu. Akajikwaa kwenye boriti."

"Alikuwa hai."

"Aliniita. Alisema, 'Nizar, mguu wangu, mguu.'" Nizar alijifunika uso. "Nikashuka kuita msaada. Nikiwa kwenye ngazi simu ikalia. Wizara. Mkutano saa nane, uamuzi leo hii. Nikawaza, gari la wagonjwa likija wataiona dari. Wakiiona, yote yamekwisha. Mkutano ni wa saa mbili tu. Nitarudi."

"Ukafunga mlango wa dari."

"Alikuwa anapiga kelele."

"Ukaondoa ngazi."

Nizar aliitikia kwa kichwa.

"Mkutano ulikwisha saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Na walisemaje?"

"Walikubali," Nizar alinong'ona. "Nchi nzima. Nyumba milioni."

Gurmit alitaka kumpiga kofi, na alitaka kumwonea huruma. Alitia mikono yote miwili mfukoni.

"Ulikuwa na simu. Namba ya dharura ni tarakimu tatu tu."

"Kila nilipoishika nikasema dakika tano tena. Giza likaingia." Aliinua macho kwenye ramani. "Mama yangu alifia Hayes mwaka wa tisini na sita, kwenye chumba cha nyuma, ukuta unachuruzika maji. Alikutwa kwenye kiti amevaa makoti mawili, hita iko mbele yake haijawashwa. Alikuwa anaogopa bili ya umeme. Nilikuwa nimemwambia nitakuja Jumapili nizibe dirisha. Sikwenda, nilikuwa na kazi. Nikaapa hakuna mama wa mtu atakayekufa vile tena katika nchi hii. Ndiyo nikaanza kazi hii, Inspekta. Kwa hilo tu."

"Chaman naye alikufa vilevile," Gurmit alisema. "Na hata koti moja hakuwa nalo."

Nizar alilia kwa sauti, mtu mzima juu ya zulia. Kisha akaonyesha droo ya meza. Stéphanie akaitoa orodha ya kurudiwa, kurasa ishirini na mbili, imeandikwa kwa mkono safi. Nyumba mia tisa, kila moja na tarehe yake ya ahadi. Mwisho kabisa, chini ya tarehe ya Jumatatu, palikuwa na mstari mmoja: *47. Chaman. Saa kumi.*

*

Saa kumi na mbili kasoro robo Gurmit alishuka mahabusu. Nje ya mlango wa tatu zilikuwapo buti za Telesphor, zimekaa upande upande kama alivyoziacha askari. Gurmit akainama, akaziokota, akaingia nazo.

Telesphor aliinuka kitandani. Aliziangalia buti, akamwangalia Inspekta.

"Vaa," Gurmit alisema. "Ndege inatua saa moja asubuhi. Na chumba, koti la pili la rangi umeshapaka?"

Telesphor alijaribu kufunga kamba, vidole vikakataa. Gurmit akapiga goti sakafuni, akamfungia.